Mumbere Iko Wapi?

Edmond hakuwa na studio. Hakuwa na mikrofoni, ila simu ya Jemima yenye kioo kilichopasuka pembeni. Hakuwa na umeme wa kutegemea, kwa maana mtaa wao wa Vulamba hupata umeme kama mtu anavyopata wageni, bila kujulishwa. Hakuwa na jino moja la mbele, la juu upande wa kushoto, na kila "s" aliyoitamka ilitoka na filimbi ndogo nyuma yake. Hakuwa na jogoo anayekubali kuwika anapoombwa. Hakuwa na nakala ya pili ya kitabu chake, na ile moja iliyobaki ilikuwa imetafunwa na mtoto wa jirani kwenye ukurasa wa tisa. Wala hakuwa na diploma ya kazi aliyotaka kuifanya, na hakumjua mtu yeyote mjini Butembo aliyekuwa nayo.

Orodha hiyo aliiandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu, nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, akaipigilia msumari ukutani. Mambo saba. Kulikuwa na la nane, lakini hilo hakuliandika.

Edmond alikuwa mchoraji wa vibao. Kwa miaka arobaini alikuwa amechora vichwa vya vinyozi, chupa za famasi, tairi za makanika, na kuku wa kuchoma wenye sura ya furaha kuliko hali yao ilivyoruhusu. Ukishuka kutoka Vulamba hadi sokoni ungeuona mkono wake mara ishirini. Miaka sita iliyopita, shule ya chekechea ya parokia ilimwomba kitabu cha picha, naye akatunga na kuchora "Chukudu ya Kambale", kurasa kumi na mbili. Mtoto Kambale anamrudisha jogoo aliyetoroka kwa mwenyewe huko sokoni. Anamweka juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali wala mnyororo, na wanateremka. Kila kona jogoo anawika, na kila akiwika kuna anayepanda: kwanza mbuzi, kisha fundi wa nguo na cherehani yake, kisha katekista na ngoma. Mlima wa mwisho ni mkali sana, lakini chukudu inafika chini taratibu na kusimama mlangoni kwa mwenye jogoo.

Watoto walikipenda kitabu hicho mpaka wakakimaliza. Walikilalia, walikipaka uji, walikibusu. Zilichapwa nakala mia mbili, na sasa ilibaki ile moja yenye meno.

"Papa Edmond, kitabu yako inakufa," Jemima alimwambia siku moja.

Jemima alikuwa mama wa miaka thelathini na tano, mpiga video za arusi. Hakuna bibi-arusi wa Vulamba aliyelia bila Jemima kumsogelea karibu na kamera mpaka machozi yakaonekana makubwa kama maharagwe.

"Sasa tufanye nini?" aliuliza Edmond.

"Tuifanye sauti kwanza, batu basikie ku radio. Kiisha tuifanye filamu. Miye niko na kamera, weye uko na mudomo."

"Mudomo iko na tundu."

"Tundu ni stéréo, papa. Usiogope."

Radio ya parokia ilikuwa na kipindi cha watoto kila Jumamosi saa tisa mchana, na mtangazaji wake, Ananie, aliwapa Jumamosi mbili. Wakaanza kazi. Studio ikawa kabati la Jemima, lile anamotundika nguo za arusi za kukodisha, kwa sababu nguo nyingi humeza mwangwi. Edmond, mzee wa miaka sitini na miwili, aliketi ndani juu ya ndoo iliyogeuzwa, vazi jeupe kulia, vazi jeupe kushoto, shela ikimwangukia usoni kila alipogeuza ukurasa. Wateja waliokuja kupima nguo walifungua mlango, wakamkuta humo akinong'ona habari za mbuzi, wakafunga tena kwa heshima.

Walimwazima jogoo mmoja mzuri mwekundu. Siku mbili aliketi mbele ya simu akiwatazama kama hakimu. Simu ikizimwa, anawika. Ikiwashwa, ananyamaza na kufumba jicho moja.

"Muache huyu, iko na majivuno ya bure," alisema Solange, muuza parachichi wa mlango wa pili, aliyekuwa pia sauti ya pili katika kwaya. "Mupe miye nafasi."

Akavuta pumzi, akainua kidevu, akawika. Majogoo wa nyua tatu wakamjibu kwa hasira, na baba mmoja akatoka nje na fimbo kutafuta kuku wake. Tangu saa hiyo Solange alikuwa jogoo, na jogoo akarudishwa kwao bila shukrani.

Mbuzi na ngoma vilifanywa na katekista Siméon mwenyewe, na mbuzi alimfanya vizuri mno, hata Jumapili iliyofuata watoto wa mstari wa mbele waliangua kicheko alipofungua kinywa kuanzisha litani. Mvua ilikuwa maharagwe juu ya ungo. Cherehani ilikuwa cherehani. Chukudu yenyewe ilizungushwa uani juu ya mbao, ikilia kriii-krooo, na jirani mmoja akaleta mafuta ya mawese ili kuwasaidia kuilainisha. Ilibidi azuiwe kwa nguvu.

Jemima alipopitisha kazi yote kwenye programu ya kusafisha kelele, programu ikafuta filimbi ya jino, ikafuta jogoo, mbuzi, mvua na chukudu. Akabaki Edmond peke yake katika ukimya mkubwa, kama anayesoma tangazo la kifo.

"Rudisha kelele yote," alisema Edmond.

"Na filimbi?"

"Na filimbi. Iko yangu."

Jumamosi ya kwanza sehemu ya kwanza ikapita hewani, mpaka pale wote wanapokuwa wamepanda na mlima wa mwisho uko mbele yao. Edmond, Jemima na Solange waliketi katika chumba cha radio, migongo yao ukutani, wakingoja sifa. Ananie akafungua simu za wasikilizaji.

"Allô, miye ni mama wa Vulamba. Hadisi ni nzuri kabisa. Nauliza tu kitu kimoja. Mumbere iko wapi?"

"Mumbere gani, mama?" aliuliza Ananie.

"Mutoto wa hadisi ni Kambale, si vile? Donc kuko Mumbere mbele yake. Iko wapi?"

Kwetu Wanande majina hufuata mlango wa kuingilia duniani. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili ni Kambale, na kuendelea hivyo. Huwezi kuwa Kambale bila mtu kukutangulia, kama vile huwezi kuwa sahani ya pili bila ya kwanza. Edmond mwenyewe aliitwa Kambale Edmond. Alikuwa ameisoma hadithi hiyo mara hamsini kabatini, na hakuna aliyeshtuka.

Simu ya pili ikaingia. "Kama Mumbere alikufa, museme wazi, tumuombee."

Ya tatu ilikuwa ya mwendesha chukudu, na nyuma yake zilisikika sauti za wenzake wakibishana. "Sikiliza, mutangazaji. Ile chukudu iko na jogoo, mbuzi, fundi, mashini ya fundi, katekista na ngoma. Inaenda kushuka mulima. Mutoto iko na miaka munane. Nani atakamata nyuma? Miye niko mu hii kazi miaka kumi na tano, na kwa uzito ile ningerudi nyumbani mu gunia, vipande vipande."

Ya nne: "Bazazi gani banatuma mudogo sokoni, na mukubwa analala?"

Ya tano ilitaka kujua kama Mumbere ameoa. Ya sita ilimtetea Mumbere, ikisema huenda yuko masomoni. Ya saba ilimgombeza ya sita. Kufika ya kumi na mbili Ananie alikuwa ameondoa miwani na anapangusa macho, Solange amejikunja juu ya meza, na fundi mitambo anagonga kioo akiomba wapumzike kidogo maana anabonyeza vitufe visivyo vyake. Edmond alikuwa anacheka kuliko wote, kwa filimbi.

Kisha ikaingia sauti ndogo sana. "Mumbere iko mu kitabu. Nilimuona. Iko anakamata kamba."

"Weye ni nani, mutoto?"

"Ni miye," ilisema sauti, na ikakata.

Simu ya mwisho haikuanza na salamu. Ilianza na kikohozi kikavu, hm-hm, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe.

"Miye ni musikilizaji wa Beni. Naunga mukono wote. Huyo mwandishi atuambie Mumbere alimuweka wapi. Asante."

Kicheko cha Edmond kikasimama katikati, kama redio iliyoishiwa betri.

"Papa Edmond," alisema Ananie baada ya wimbo wa kufunga, bado akitabasamu, "tangu naanza kazi sijapata simu nyingi vile. Jumamosi ijayo unaniletea Mumbere, na sauti yake. Ukikosa, batu batavunja milango. Afadhali niweke tena ile kipindi ya kunawa mikono."

Waliporudi nyumbani kwa Edmond, Jemima alienda moja kwa moja kwenye kitabu. Akageuza ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye kila picha, nyuma ya chukudu, alikuwapo mvulana mrefu mwenye kofia, miguu imechimba udongo, mwili umeegemea nyuma, mikono miwili imeshika kamba iliyofungwa kwenye mbao. Yeye ndiye alikuwa breki. Katika maandishi hakuwa na hata neno moja. Watoto walikuwa wamemwona kwa miaka sita. Ni wakubwa waliosoma herufi tu ndio hawakumwona. Na kitabu kilipogeuzwa sauti, picha zikabaki mezani, na yeye akabaki nazo.

"Papa, huyu ni nani?"

"Ni mutu wa kujaza nafasi tu."

"Kurasa kumi na mbili, nafasi ileile, mutu uleule?"

"Na juu ya nini hana uso?" aliuliza Solange akichungulia. "Kila ukurasa ni mugongo. Weye unachorea mpaka kuku wa kuchoma uso."

Edmond akasema watafute sauti yoyote, wamalize. Wakamwita katekista Siméon. Jemima alikuwa ameandika maneno matatu tu ya Mumbere, ya kumkalisha mdogo wake: "Kambale, ikala. Jogoo, nyamaza. Miye nimekamata." Siméon akayasoma kwa sauti iliyopanda na kushuka vizuri sana, na Solange akajibu "Amina" kabla hajajizuia. Wakamjaribu mwendesha chukudu, aliyedai kwanza mzigo upunguzwe. Wakamjaribu mume wa Solange, akaangua kicheko kwenye neno "jogoo" kwa sababu ya kumtazama mkewe. Kila mara Edmond alitikisa kichwa.

"Bon," alisema Jemima. "Sema wewe unataka sauti ya nani."

Edmond akainuka, akachukua kalamu ya bluu, akaenda kwenye ile orodha ukutani. Chini ya jambo la saba akaandika: Mkubwa wangu.

Kisha akawasimulia. Kaka yake, Mumbere Josaphat, alikuwa mwalimu mstaafu huko Beni, mwenye shamba la kakao upande wa Mbau. Miaka kumi na moja iliyopita walimwoza dada yao mdogo, Bénite, hapa Butembo. Baba alikuwa hayupo tena, kwa hiyo neno la familia lilikuwa la Josaphat. Alikuwa ameliandika kwenye karatasi nne za daftari. Msema-arusi akaita neno la familia, Josaphat akasimama, akaanza kutafuta miwani. Mfuko wa kulia. Mfuko wa kushoto. Mfuko wa ndani. Ukumbi ukangoja. Edmond alikuwa karibu na mikro, akaona ni msaada akishika kidogo, maneno mawili tu.

"Ulisema maneno mangapi?" aliuliza Solange.

"Dakika makumi mbili. Batu balicheka sana."

"Na yeye?"

"Nilipomaliza baliita keki. Alikunja karatasi yake, akapanda gari, akarudi Beni na njaa. Tangu siku ile nikipiga simu hapokei. Nikituma salamu, jibu ni moja tu: mumuambie ule wa mikro aendelee."

Kisha Jemima akasema, "Ule wa Beni ku radio. Hm-hm."

"Ni yeye," alisema Edmond.

Jumanne asubuhi wakapanda gari kwenda Beni. Walipaswa kuwa wawili, lakini Solange alitokea na beseni la parachichi na kuketi katikati, akisema hakuna sehemu ya pili bila jogoo. Kwenye kizuizi cha njiani askari aliinama dirishani, akaiona kamera magotini kwa Jemima.

"Munaenda wapi na hii mashini?"

"Tunaenda kutafuta Mumbere," alisema Solange.

"Mumbere gani? Ule wa radio?" Askari akawaita wenzake wawili. "Ni bao, batu ba radio. Kamanda wetu alisema kama kamba ni ya sisali haitakamata ule muzigo. Muweke ya nailoni. Bokende malamu, safari njema."

Walimkuta Josaphat uani, akigeuza mbegu za kakao juu ya turubai kwa reki, redio ndogo iliyofungwa kwa mpira ikiwa juu ya kiti kama mgeni. Alikuwa mrefu bado. Alimsalimu Jemima, akauliza habari za nyumba yake. Alimsalimu Solange, akauliza habari za parachichi. Kisha akamgeukia Jemima tena.

"Mama, umuulize huyu mutu wa mikro kama amekula."

"Umuambie nilikula," alisema Edmond.

"Umuambie anadanganya. Anakonda."

"Umuambie hata yeye."

Jemima aligeuza shingo kulia na kushoto kama anayetazama mpira, mpaka chakula kikaja na kuwanyamazisha. Baada ya kunawa, Edmond akatoa kitabu kwenye mfuko wa nailoni, akakiweka magotini kwa kaka yake, akarudi nyuma hatua mbili.

Josaphat akaanza kutafuta miwani. Mfuko wa kulia. Mfuko wa kushoto. Akainuka, akajipapasa nyuma, akaketi. Solange alitaka kusema kwamba iko juu ya kipaji cha uso wake, lakini Edmond alimkanyaga mguu. Edmond mwenyewe alikuwa amebana midomo mpaka filimbi ikaanza kutoka yenyewe kwenye tundu la jino. Alingoja. Kuku walipita. Alingoja tena. Mwishowe mkono wa Josaphat ukafika juu ya kichwa na kuikuta, akaishusha bila haraka, kama mtu aliyejua tangu mwanzo ilipokuwa.

Akageuza kurasa, moja moja, mpaka ile ya meno.

"Nani huyu?" aliuliza. Hakumwuliza Jemima.

"Ni weye, yaya, mukubwa wangu."

"Juu ya nini sina uso?"

"Nilijaribu. Kila nikichora ulikuwa umekasirika. Na kitabu ni cha batoto."

Josaphat akakohoa, hm-hm. Kikohozi kikapata mkia, mkia ukawa mrefu, na ikachukua muda kabla hawajaelewa kwamba anacheka.

"Na hii kofia ilikuwa ya kijani," alisema.

"Wino ilikuwa moja tu."

"Kamba nilikuwa nakamata na mukono wa kushoto mbele."

"Nitarekebisha."

"Bon. Munataka niseme nini?"

Jemima akampa yale maneno matatu. Josaphat akayasoma, akayaweka kando, akaingia nyumbani. Alipotoka alikuwa amevaa koti jeusi lenye harufu ya dawa ya nondo, na mkononi ana karatasi nne za daftari, zimekunjwa mara nne, zimegeuka rangi ya chai.

"Nitaanza na hii," alisema. "Kiisha tutaona mambo ya jogoo. Edmond, kamata mikro."

Edmond akaishika simu mbele ya kinywa cha kaka yake kwa mikono miwili, na Josaphat akaanza. "Mapadri na wachungaji waheshimiwa, wazazi wa pande zote mbili, wageni mliotoka mbali na mliotoka karibu." Mbele yake palikuwa na Jemima, Solange, na turubai la kakao. Aliwasalimu wote. Solange, ambaye hakuweza kusikia hotuba ya arusi bila kufanya wajibu wake, akapiga vigelegele. Jirani mmoja akachungulia juu ya ua.

"Nani anaoa?"

"Hatujue bado," alisema Solange. "Leta kiti."

Kufika karatasi ya pili kulikuwa na viti kumi na vinne. Mama mmoja alikuja na kitenge kipya, akamtafuta bibi-arusi nyumba nzima, akaambiwa yuko Bunia, akaketi hata hivyo. Watu walicheka pale pa kucheka, maana Josaphat alikuwa ameandika vichekesho viwili na kuviwekea mstari chini. Mikono ya Edmond ilichoka. Hakuishusha hata mara moja.

"Sasa nageuka kwako, Bénite," alisoma Josaphat kwenye karatasi ya nne, na hapo hakuitazama tena karatasi. "Leo tunaachilia mkono wako. Kamba hatuiachilii. Ukishuka mlima na mzigo wako ukakuzidi, usitazame nyuma. Sikia tu kama kamba imekaza. Ikikaza, ujue ni sisi."

Edmond alitaka kupangusa pua, lakini mikono ilikuwa kazini.

Hapo, juu ya ukuta wa jirani, jogoo halisi wa Beni akawika, mara moja, kwa sauti safi na ndefu, bila kuombwa na mtu yeyote. Jemima akafumba macho kwa furaha. Solange akasema huyo jogoo hana mafunzo.

Baada ya makofi Josaphat alisema maneno yake matatu ya Mumbere kwa mara moja tu, bila kurudia. "Kambale, ikala. Jogoo, nyamaza. Miye nimekamata." Aliyasema kama anayeagiza chumvi, na hapakuwa na haja ya kutafuta sauti nyingine. Kisha akaketi ili achorwe. Alitaka awe na miwani. Edmond alisema Mumbere wa hadithi ana miaka kumi na mbili. Josaphat alisema hiyo si sababu.

Jumamosi sehemu ya pili ikapita hewani, na Ananie akapokea simu arobaini za watu waliotaka kumsalimia Mumbere tu. Jumapili filamu ikaonyeshwa katika ukumbi wa parokia. Ilikuwa dakika tisa: kurasa za kitabu zikisogea polepole mbele ya kamera, na sauti juu yake. Jemima alikuwa amesahau kuondoa mazoea ya kazi yake, kwa hiyo kila walipofika kona, mioyo myekundu na maua ya waridi yalianguka juu ya mbuzi. Hakuna aliyelalamika. Na mwisho wa mlima, pale mvulana mrefu alipogeuka kwa mara ya kwanza, mtoto wa miaka kumi na mbili mwenye kofia ya kijani na miwani ya mwalimu mstaafu, watoto mia mbili walisimama juu ya mabenchi. Josaphat, aliyekuja kutoka Beni na koti lake, aliketi mstari wa mbele, akikohoa bila kukoma.

Jumatatu asubuhi ndugu wawili waliketi kwenye meza ya Edmond, kati ya makopo ya rangi. Jemima alikuwa amewapa kadi ndogo ya kumbukumbu, pana kama ukucha, na ndani yake hotuba yote, vigelegele, viti na jogoo. Angeweza kumtumia Bénite kwa simu, lakini Josaphat alikataa. Zawadi ya arusi huwekwa katika bahasha.

"Andika," alisema Josaphat. "Bénite, mudogo wetu. Hii ni neno ya familia. Ilichelewa njiani."

Edmond akaandika. "Niongeze juu ya nini ilichelewa?"

"Andika: gari iliharibika."

"Miaka kumi na moja?"

"Ilikuwa gari mbovu sana. Andika."

Edmond akaandika hivyo, na chini yake, kwa herufi ndogo, akaongeza kwamba gari lilikuwa yeye. Josaphat aliona, akashusha miwani, akachukua kalamu. Wakaweka sahihi, mkubwa kwanza. Kadi ikabandikwa kwenye kipande cha katoni ili isipotee, katoni ikaingia ndani ya barua, barua ndani ya bahasha. Edmond akapaka gundi yake ya unga wa muhogo, ile ya kubandikia vibao, na Josaphat akakandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika, akaandika jina na mji wa Bunia mbele kwa mwandiko wa ubaoni.

Kwenye ofisi ya mabasi karani aliipima bahasha mkononi.

"Ndani muko nini?"

Edmond akafungua kinywa. Akakifunga. Akamtazama kaka yake, ambaye alikuwa ameanza kutafuta miwani, mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto. Foleni ikangoja. Edmond akangoja pamoja nayo.

"Hotuba ya arusi," alisema Josaphat mwishowe.

"Ah, hongera. Arusi ni siku gani?"

"Ilishapita. Bibi-arusi iko na batoto bane."

Karani aliwatazama wazee wawili waliokuwa wameegemea kaunta na kushikana mabega, mmoja akikohoa, mwingine akipiga filimbi. Akagonga muhuri, akaitupa bahasha ndani ya gunia la Bunia, na utingo akalibeba gunia na kulipandisha juu ya basi.